Moshi wa Kwa Erica

Mtu akiokoka, wivu haumwachi. Unabadilisha nguo tu, unavaa za kanisani, unakaa naye benchi moja, na wimbo wanaimba pamoja. Mama unayesoma haya usije ukasema hukuambiwa.

Fransiska, Mama Frida, wa huku juu ya Dongobesh, alikuwa na miaka kumi na minne katika wokovu. Funguo za kanisa zilikaa kwake. Maombi ya wanawake ya kila Jumanne aliongoza yeye. Mwinjilisti akitaka kuwaita kina mama alimpigia Fransiska, naye Fransiska akawapigia wengine mmoja mmoja.

Ng'ambo ya korongo aliishi Erica, Mama Hermani. Huyo alikuwa mpika pombe, na pombe yake iliangusha wanaume wazima mchana kweupe. Mwaka jana akaokoka. Siku hiyo alimwaga mapipa mawili mbele ya watu, mbuzi wakanywa, wakashinda wanagongana na ukuta. Fransiska ndiye aliyemshika mkono kumpeleka mbele madhabahuni, akalia kwa furaha. Furaha ile ilidumu kama miezi mitatu.

Shida ilianza Erica alipoanza kuomba. Biblia aliisoma kwa kidole, kila neno refu anakwama. Lakini akifumba macho na kusema, "Yesu, wewe unanijua nilivyokuwa," watu walitafuta leso. Fransiska akiomba, kwa sauti kubwa na mistari yote kichwani, watu walisema amina wakaanza kuvaa makoti.

Kilichomkata maini hasa ni Bibi Agatha, mama mkwe wake. Bibi alilazwa hospitali ya Haydom wiki mbili. Fransiska alimuuguza, akarudi naye kwa basi huku amemshikia ndoo ya kutapikia njia nzima. Walipofika, bibi hata hajajifunika vizuri, akasema, "Mniitie yule wa pombe aje aniombee."

"Mama, si mimi nipo hapa? Nimekuombea tangu Haydom."

"Nilikusikia, mwanangu. Ahsante. Sasa mniitie yule."

Fransiska akaenda kumwita. Korongo lile alilivuka akiwa na jiwe moyoni, na hakulitua tena.

Ikafika Juni, wakati wa kupiga maharage. Huku kwetu mwenye maharage huita majirani waje na fimbo, na majirani huja wakijua pombe ipo. Waliookoka walikuwa na mapatano yao: mwenzao akiita, wote wanakwenda, kwa chai na makande. Erica hakuwahi kuita watu bila pombe, ndiyo mara yake ya kwanza. Mumewe Vitalis alikuwa kwenye mashamba ya ngano huko Hanang. Maharage yalilundikwa uani, makavu, na mawingu yalikuwa yanazunguka mlimani kila siku. Maharage yakilowa yanaota ndani ya maganda, na chakula cha mwaka kinakuwa cha ng'ombe.

"Mama Frida, nisaidie kuwaambia kina mama," Erica alimwomba. "Jumatano."

"Nitawaambia."

Akawaambia kweli. Alianza na Justina, akamaliza na wa mwisho: kwa Mama Hermani siku imehamishwa, ni Ijumaa. Uongo ulimtoka laini kama salamu. Moyoni alijiambia, acha ajifunze unyenyekevu kidogo, watu wanampandisha sana.

Jumatano asubuhi Fransiska alikaa uani kwake akichambua mboga ambazo alikwisha kuzichambua. Ng'ambo alimwona Erica peke yake, anapiga, anasimama, anaangalia njia. Simu ikaita.

"Mama Frida, mbona simwoni mtu?"

"Labda wamechelewa. Vumilia."

Saa nne akapita Mzee Bura, mteja wa pombe yake ya zamani, na wenzake wawili. Sauti huvuka lile korongo kama mtu yuko mlangoni.

"Shikamooni," Erica akasema.

"Marahaba. Mama Hermani, wale malaika wako wako wapi?"

"Wanakuja."

"Pika ndoo mbili tu! Nenda kaazime kimea, sisi tunaanza kupiga sasa hivi kwa mkopo. Wokovu haupigi maharage, mama!" Wakacheka, wakakaa kwenye jiwe kumsubiri aamue.

Erica akaingia ndani. Baada ya muda moshi ukaanza kutoka kwenye jiko la nje, lile lile la zamani, lililokuwa halijawashwa tangu mapipa yamwagwe.

Fransiska akaruka. Furaha iliyompanda ilikuwa ya ajabu, hajaisikia hata kwenye mkutano wa injili. Alijifunga kanga ya pili, akakimbia mpaka kwa Justina. "Twende! Mama Hermani amerudi Misri. Twende tuone kwa macho, tumwambie mwinjilisti."

"Masikini," Justina akasema, akalia palepale huku anavaa viatu.

Yale machozi ndiyo yaliyomchoma Fransiska. Walipokuwa wanashuka korongo akajiuliza, mbona mimi silii? Akajijibu mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa anausubiri moshi ule. Shetani na yeye walikaa uani wanaangalia jiko moja, wanataka kitu kimoja. Akapunguza mwendo, lakini wakawa wamefika.

Erica alikuwa amepiga magoti anapuliza moto. Kwenye sufuria kubwa ya pombe kulikuwa na makande, na pembeni birika la chai ya maziwa.

"Nilijua mtakuja," akasema, macho mekundu kwa moshi. "Sufuria ya ndani isingewatosha. Wengine wako nyuma?"

Justina akamgeukia Fransiska. "Lakini si ulisema..."

"Niliwadanganya," Fransiska akasema, kabla Justina hajamaliza. "Hakuna aliye nyuma. Nimewaambia Ijumaa. Nilikuonea wivu, Mama Hermani. Nilitaka upike pombe."

Mzee Bura kwenye jiwe akaacha kucheka.

Erica akatazama mlimani, kulikokuwa kumeshakuwa kweusi. "Kama nimekusamehe bado sijui," akasema. "Shika fimbo."

Fransiska akashika. Justina akapiga simu, kina mama wakaanza kuja mbio na fimbo zao, mmoja mmoja. Hata Mzee Bura akainuka, akisema makande nayo ni chakula. Mvua ilipoanguka magunia matano yalikuwa ndani. Maharage yaliyobaki yalilowa uani, baada ya siku tatu yakaota, na ng'ombe wakala. Kila Fransiska alipopita aliwaona wakiyala.

Jioni ile ile ya Jumatano, viganja vimetoka malengelenge, alivuka tena korongo akiwa amemshika Erica mkono, akaingia naye kwa Bibi Agatha.

"Mama, nimekuletea mtu wako."

Erica akapiga magoti na kuanza kuomba. Fransiska akapiga magoti nyuma yake, karibu na mlango. Ile mistari yote aliyoijua haikuja. Likaja neno moja tu, nirehemu, akalisema mpaka bibi akasinzia.