Sungura Wamepona

Laurentine hakuwa mtu wa kuona ubaya akanyamaza. Siku alipoingia uani kwa Nono, mtengeneza mafuta ya ngozi wa mtaa wa Katuba, akamkuta sungura amenyolewa mgongo na kupakwa mafuta mapya ili ijulikane kama yanaunguza, roho ilimwuma mpaka machozi yakamtoka. Jumapili iliyofuata aliwasimulia akina mama wote wa kwaya.

"Mafuta ya Nono, hata moja isiingie tena mu nyumba zetu," akawaambia, "mpaka aache kutesa banyama!"

Wakamtii. Laurentine akishikilia jambo, hata padri humpisha. Makopo ya Nono yakakaa yakikusanya vumbi, mpaka mwenyewe akasalimu amri. Akavunja vibanda, akagawa sungura, na kila kopo akalibandika karatasi: mafuta haya hayakumtesa mnyama yeyote. Akina mama wakarudi kununua, Laurentine akiwaongoza, kifua mbele, kama aliyeshinda vita.

Huruma ni kitu kizuri, sibishi. Ila huruma ya Laurentine ilikuwa na masikio marefu. Alikuwa na mdogo wake, Léa, mjane wa mtaa wa Ruashi mwenye watoto na asiye na kazi ya kueleweka. Miezi michache baadaye, siku ya komunyo ya kwanza ya binti wa Laurentine, Léa alikuja amejifunga kitambaa mpaka kidevuni. Dada yake akakivuta, akaona shavu la kushoto limejaa mabaka mekundu.

"Unajichubua, weye? Mujane muzima! Unataka kutupatisha haya mbele ya bantu?"

"Yaya, haiko vile..."

"Nyamaza! Kaa kule nyuma, usiingie mu foto."

Léa akakaa nyuma. Aliondoka kabla keki haijakatwa, na tangu siku ile hawakusemezana. Laurentine alijiambia kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Lakini hamu ya kumwona mdogo wake ilimshika, ilimshika vibaya. Kwa mama yao walizaliwa wawili tu, na mama alikwisha kufa. Hapakuwa na mwingine duniani wa kumwita yaya, dada mkubwa.

Jumamosi moja akapiga moyo konde. Angekwenda Ruashi kupatana naye, na asingekwenda mikono mitupu. Akapitia kwa Nono.

"Nataka ile yenye haiunguze hata kidogo," akasema. "Iko ya mudogo yangu, ngozi yake iliharibika."

"Usiogope, maman," Nono akajibu kwa furaha. "Zote tunazipima kwanza, mbele ya kuzipeleka ku soko. Kuja uone mwenyewe. Ni weye ulitufungua macho."

Akampeleka uani. Pale palipokuwa vibanda vya sungura sasa palikuwa na benchi, na juu yake wanawake wameketi, kila mmoja amepakwa shavu moja. Wa mwisho tu ndiye aliyekuwa bado anangoja zamu yake. Alikuwa Léa.

"Ikiunguza, tunapunguza dawa," Nono akaeleza. "Benyewe banakubali. Kila mara banarudia ku nyumba na bunga ya ugali. Hakuna munyama hata moja yenye tunagusa."

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Laurentine alidhani ameutupa ule mkuki, kumbe alikuwa ameugeuza tu.

"Léa!" akapiga kelele. "Toka pale! Tuende ku nyumba!"

Léa hakushtuka. "Ku nyumba gani, yaya? Kule nyuma, kwenye foto haifike?"

Laurentine akalia waziwazi, mbele ya wote. "Unisamehe. Sikujua."

"Haukuuliza. Kidonda ya sungura, ulitafuta nani aliifanya. Yangu, ulijijibu mwenyewe."

"Nitakupa bunga mimi! Ya batoto yote!"

"Leo utanipa. Kesho nikikukosea kidogo, utaniambia nikae nyuma."

Aibu ikageuka hasira, na hasira ikamwangukia Nono. "Simamisha hii kazi! Ao nitaambia bamama bote!"

Hapo mwanamke mmoja wa benchi, Bwalya, akainua uso, nusu mweupe kwa mafuta. "Maman, ulishaokoa sungura. Siye utuachie, tuko na batoto."

Nono alisimama na kijiko chake cha mti, hajui amtii nani. Neno moja la Laurentine lilikuwa limemfungia biashara mara ya kwanza, na lingeweza kumfilisi mara ya pili.

"Sema weye, maman," akauliza kwa heshima. "Nipake ao nisipake?"

Laurentine akafungua mdomo. Akisema apake, amemchoma mdogo wake kwa kinywa chake mwenyewe. Akisema asipake, amewanyang'anya wanawake wale wote chakula cha jioni. Akamtazama Léa ili amsaidie, kama alivyozoea kusaidiwa na watu wote, na Léa akatazama pembeni.

"Paka, Nono," Léa akasema. Akafumba macho, akamgeuzia shavu la kulia, lile ambalo bado lilikuwa zima.