Petroli ya Kufika Liboi

Mohdhar aliliendesha lile gari la pikapu kwa miaka kumi na mmoja, akipeleka samaki wa barafu kutoka bandari ya Kismayu hadi miji ya bara. Siku ilipobidi kukimbia hakuweza kuliendesha hata mpaka mwisho wa mtaa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alichoona ni mwanga na kiza tu, na mtu akimsogelea sana, kivuli.

Kwa hiyo alikwenda kwa Zakia, akipapasa kuta. Zakia hakuwa mkewe tena. Walikaa pamoja miaka ishirini na mitano, wakachokana, akampa talaka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu waachane, na walikuwa hawajasemeshana ila kwa habari za binti yao Tasnim, aliyeolewa Mombasa.

"Mama Tasnim," alisema akiwa bado mlangoni, "gari ninalo. Macho sina. Wewe unayo."

Zakia alimtazama. Wiki ile watu wenye bunduki walikuwa wameingia nyumba aliyokaa na mamake mara mbili. Mara ya pili walichukua hata masufuria. Mashua za jamaa zao wa kisiwa cha Chovae zilikuwa zimeporwa pamoja na mashine zake. Yeye hakuwa amelala sawasawa tangu mwezi wa Ramadhani, wala hakuwa na nguvu za kubishana na mtu.

"Nimeendesha mara kumi tu maisha yangu," alisema.

"Kumi na mbili. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Waliondoka baada ya sala ya alfajiri kuelekea Liboi, ng'ambo ya mpaka wa Kenya: Zakia kwenye usukani, Mohdhar kando ya dirisha, na katikati yao Bi Arafa, mamake Zakia, ameketi wima kama ukuta. Nyuma walipakia kitanda cha Bi Arafa cha mti wa mkoko, magodoro na madumu ya maji.

"Nisomee," Mohdhar alisema walipotoka mjini. "Mshale wa mafuta uko wapi?"

"Karibu na juu kabisa."

"Wa joto?"

"Katikati."

"Taa yoyote imewaka? Ile nyekundu yenye mfano wa birika?"

"Hakuna."

"Hiyo ya birika ni ya oili. Ikiwaka, zima gari papo hapo, hata kama tuko katikati ya simba. Ile ya betri ikiwaka unaweza kwenda kidogo. Ya mafuta, ya manjano, ikiwaka tutazungumza."

Kila baada ya muda aliuliza tena, na Zakia akajibu. Zamani kuulizwa-ulizwa huku kungemkasirisha. Sasa aliona afadhali, maana kulimzuia kusinzia.

Baada ya Afmadow walikuta gogo limelazwa barabarani na vijana watano wenye bunduki. Hawakupiga mtu. Mmoja alifungua tangi, akatia mpira, akavuta kwa mdomo, na petroli ikatiririka ndani ya dumu lao huku akitema mate. Zakia alihesabu madumu mawili. Yalipojaa, waliondoa gogo na kuwapungia mkono wapite, kama waliowakirimu wageni.

"Wametuachia?" Bi Arafa aliuliza.

"Robo," Zakia alisema akiutazama mshale. "Haifiki robo."

Njia ilikuwa ya mchanga na mashimo, gari likiruka na kutua kwa kishindo. Mara, bila dalili, mishale yote ilianguka. Wa mafuta ulilala, wa joto ukalala. Zakia alikanyaga breki.

"Yamekwisha," alisema. "Mohdhar, mafuta yamekwisha." Akalala juu ya usukani. Hakulia. Alitamani tu kubaki hivyo, paji la uso kwenye plastiki ya moto, mpaka atokee mtu awaamulie.

"Injini inanguruma?" Mohdhar aliuliza.

"Inanguruma."

"Basi petroli ipo. Mishale haifi pamoja kwa kukosa mafuta. Hiyo ni fyuzi. Zima gari, funua kile kifuniko hapo chini, upande wa kulia wa goti lako."

Zakia aliinama. Kulikuwa na safu za vipande vidogo vya plastiki, kila kimoja na rangi na namba yake. Mohdhar alimwelekeza: safu ya juu, cha tatu. Alikichomoa, akakiinua kwenye jua. Kijiwaya cha ndani kilikuwa kimekatika, na plastiki imeungua nyeusi.

"Namba?"

"Kumi."

"Tafuta kumi nyingine. Usichukue ishirini."

"Ishirini si ina nguvu zaidi?"

"Ndiyo ubaya wake. Fyuzi imewekwa ikatike ili waya zisiungue. Ukiweka yenye nguvu, yenyewe haitakatika na gari litawaka moto. Cha mwisho kwenye safu hiyo ni cha redio. Toa hicho."

"Na habari?" Bi Arafa aliuliza. Alikuwa mtu wa taarifa ya habari, kila jioni, miaka yote.

"Habari tunazo, Mama," Mohdhar alimjibu. "Tumo ndani yake."

Bi Arafa alifikiri kidogo, kisha akasema, "Toa."

Zakia alikichomeka mahali pa kile kilichoungua, akawasha gari. Mishale ikainuka. Lakini ile taa ya manjano nayo ikawaka.

"Kuanzia hapo, kilomita arobaini," Mohdhar alisema. "Labda hamsini, ukiwa mpole. Usikanyage kwa pupa. Gia ya juu kila njia inapokubali. Na kitanda kishuke."

Bi Arafa aligeuza uso dirishani Zakia alipokisukuma kitanda chini. Ndicho alichozalia watoto sita.

Walifika pembeni mwa mji wa Dhobley jua likiwa kali. Kuna mwanamke alikuwa akiuza mafuta kwenye chupa chini ya turubai. Mohdhar alimwambia Zakia amdondoshee kidogo kiganjani. Alisugua, akanusa. Petroli ingekauka upesi na kuacha ubaridi. Hii ilibaki, ikamteleza vidoleni kama samli.

"Dizeli," alisema.

"Gari hili halili dizeli. Litatoa moshi na kufa hapa hapa," Mohdhar aliongeza akipangusa kiganja.

"Mchu akiwa na ndaa hachagui," Bi Arafa alinung'unika kwa Kibajuni chake, kwamba mwenye njaa hachagui, lakini hakushikilia.

Waliendelea. Gari lilianza kukohoa baada ya Dhobley, likavuta, likakohoa tena, kisha likanyamaza na kujiendea lenyewe kidogo mpaka likasimama. Mpita njia mmoja aliwaambia Liboi haizidi kilomita sita. Mohdhar alitelemka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa nacho hapo mpaka kilipomchoma. Zakia alimwacha. Halafu akampa ncha ya mtandio wake aishike, mamake akamshika mkono wa pili, wakatembea.

Liboi ilikuwa vumbi, foleni na turubai za plastiki. Karani aliyekuwa akiandikisha watu hakuinua kichwa. "Baba, mama, bibi," alisema akiandika. "Familia moja." Wakapewa turubai moja na blanketi mbili. Hakuna aliyemsahihisha. Zakia hakuwa na nguvu za kuanza kueleza.

Walipomaliza kulifunga turubai kwenye matawi, Bi Arafa alisimama mlangoni na kumzuia Mohdhar asiingie.

"Talaka ulimpa ngapi?"

"Moja, Mama."

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Eda imekwisha zamani. Itabidi umuoe upya, kwa mahari na mashahidi. Kesho tutafute shehe, hapa hakosekani. Leo wewe utalala nje, mimi na huyu ndani."

Mohdhar aliitika, akaanza kutandika blanketi mchangani.

"Na wewe, Zakia, wasemaje?"

Zakia alikuwa ameshajilaza chini, viatu miguuni.

"Mamangu," alisema, "niache nilale kwanza."