Santuri Bila Majalada

Santuri ya arobaini na moja ilikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu. Useni aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaufuata mkwaruzo ule kwa ukucha wa kidole gumba kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Ukucha haukukwama. Akaiweka juu ya mashine yake ndogo ya betri, akashusha sindano mwanzoni, akasikiliza kidogo, akaihamishia katikati, halafu mwishoni. Gitaa lilitoka safi mara zote tatu. Akaandika katika daftari: 41, nzuri.

"Papa Useni," alisema Mama Louise kutoka kwenye kiti chake, "muzee wangu alikuwa anaweka diski, anacheza, inaisha, anaweka ingine. Wewe unazipima kama munganga na mutoto wa homa."

"Univumilie, mama. Hii kazi hakuna mutu alinifundisha. Nikiruka kitu kimoja, napotea."

"Kuvumilia naweza. Saa ndiyo haitakuvumilia. Bashige anakuya saa sita."

Ilikuwa saa tano na nusu. Bashige alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya zamani, mtu wa kununua nyumba nzima ya fanicha akiwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa ameshakubali kwenye simu bei ya Mama Louise: dola mia tisa kwa santuri zote mia mbili na kumi na mbili alizoacha marehemu mumewe, Muzee Mushagalusa, karani wa forodha aliyehama kutoka Bukavu na muziki wake wote. Useni alipewa nafasi ya kwanza kwa sababu moja tu: alibisha hodi mapema.

Dola mia tisa alikuwa nazo kiunoni. Ilikuwa bei ya moto yake, pikipiki aliyobebea abiria miaka sita, na aliiuza Jumanne. Kwa miaka mitatu alikuwa akinunua santuri mbili tatu hapa na pale, anazipiga picha, anaziuza mtandaoni kwa watu wa Lyon na Osaka, na kuzituma kupitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Hii ilikuwa mara ya kwanza kutaka mkusanyo mzima. Mke wake Sumaya hakumkataza. Alisema tu, "Moto inatulisha hata siku ya mvua. Hizo diski, zikikataa kutoka, tutazipika?" Kisha akamkunjia pesa katika kitambaa mwenyewe, akafunga mafundo mawili.

Useni akachukua ya arobaini na mbili. Kama nyingine zote, ilikaa katika mfuko wa kitenge ulioshonwa kwa mshono mnyoofu, na kifungo kimoja. Toka asubuhi alikuwa ameisifu mifuko ile moyoni. Alijua wapo watu makini wanaotunza santuri mahali pamoja na majalada yake ya karatasi mahali pengine, na utaratibu wake yeye ulikuwa kumaliza santuri kwanza, majalada baadaye. Lakini muda ulikuwa umembana, ikabidi auvunje utaratibu.

"Mama, tuletee na poshete zake. Nizitazame pamoja."

"Poshete gani?"

"Zile karatasi ngumu zenye picha. Diski inaingia ndani."

"Aa, zile!" Mama Louise akapunga mkono. "Zilikuwa zinanuka panya. Nilizitoa zote ndani ya nyumba. Mugeni atakuya kutazama vitu vya muzee wangu, nimupe ndani ya uchafu? Nilishona wiki tatu, papa. Mia mbili na kumi na mbili. Ile unashika ni kitenge changu cha harusi ya mutoto wetu Gisèle."

Useni akatazama kitenge kile. Kilikuwa cha buluu, chenye ndege wa njano. Mnunuzi wa mbali hawezi kuishika santuri wala kuisikia; anachonunua kwanza ni jalada, picha ile ya vijana wa okestra wenye suruali pana. Bila jalada, santuri ya dola themanini inakuwa ya kumi na mbili, ikipata mtu.

Angeweza kuaga. Angeweza kusema bei ni kubwa, arudi nyumbani na mafundo yake mawili, na mama huyu asijue kamwe kwamba amekata vitenge vyake ili ajipunguzie mali. Bashige asingemwambia. Bashige hakujua.

"Mama," alisema mwishowe, "nitakuambia kitu, usinikasirikie. Zile karatasi zilikuwa nusu ya bei. Kupita nusu."

Mama Louise alicheka. Alipoona yeye hacheki, uso ukabadilika.

"Nilijua tu. Batu ya komersi, batu ya biashara! Unakaa kwangu toka asubuhi, unakunywa chai yangu, kumbe unatafuta mulango wa kushusha bei. Karatasi ya panya!"

"Sijashusha kitu. Tazama."

Akamfungulia simu. Santuri ileile, mara mbili: moja na jalada lake, moja bila. Mama Louise akavaa miwani, akasoma tarakimu, akaipanua picha ya jalada kwa vidole viwili. Alikaa nayo muda.

"Huyu mwenye kofia," alisema polepole, "nilimuona jana. Nyiransengimana wa mandazi alikuwa anamutumia kupepea makaa."

Walitoka karibu wakikimbia, Mama Louise mbele na ndara za nyumbani juu ya mawe meusi. Nyiransengimana alikaangia mandazi kwenye kona ya tatu, na alikuwa hapohapo, jalada la kijana mwenye kofia mkononi, akipepea moto.

"Wacha!" Mama Louise akapiga kelele. "Dada, wacha kupepea!"

"Mama Louise? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Zile karatasi nilikupa. Ziko wapi?"

"Zile takataka?" Nyiransengimana akawatazama wote wawili, akamtazama Useni kuanzia viatu. "Wiki iliyopita ulisema nichome yote, juu ya panya. Leo unazikujia na mwanaume, na jasho. Kumbe ni feza!"

"Ni feza kidogo," alisema Useni.

"Kidogo, na unatetemeka?" Wateja waliokuwa wakingoja mandazi walicheka. "Nyepesi nimefungia mandazi. Ngumu zingine nimewashia moto, zingine ziko ndani ya mufuko, chini. Lakini mimi nitafungia nini?"

Mama Louise akamwahidi katoni mbili za fomu za forodha za muzee, safi, hazikuandikwa hata jina. Nyiransengimana akasema tatu. Wakapatana kwa tatu, na Useni akauburuta mfuko kutoka chini ya meza. Ulikuwa mzito kuliko alivyotumaini, na wenye unyevu kuliko alivyopenda. Maji ya kuoshea sufuria yalikuwa yameupitia.

Waliporudi, Bashige alikuwa amesimama mlangoni kwa mama, gari dogo nyuma yake, bahasha mkononi.

"Mama Louise! Mimi mutu wa saa. Mia tisa, hii hapa, uhesabu." Akaingia, akafungua mfuko mmoja wa kitenge, akaiona santuri inang'aa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bien, muzuri. Sipimi mimi. Zote ao hakuna, na ni sasa. Nikitoka hapa sirudi. Huyu naye anafanya nini na daftari, ni mwalimu?"

Mama Louise hakuigusa bahasha. Akamgeukia Useni. "Sema, papa. Unasikia mutu na feza yake."

Useni alikuwa amesikiliza arobaini na moja. Ishirini na tisa nzuri, kumi na mbili mbaya. Zilizobaki hazijulikani. Mfukoni mle mlikuwa na majalada ambayo hakuna aliyejua ni mangapi, wala mangapi yangepona. Utaratibu wake ulimtaka aombe siku mbili. Siku mbili hazikuwepo.

"Mia tisa kwa zote sitatoa," alisema. "Nitakuambia vile naweza. Kila diski itakayopata poshete yake, dola saba. Nimeisikiliza ao sijaisikiliza, nzuri ao mbaya, saba. Zenye hazina poshete, zibakie zako, uuze kwa mwenye unataka."

Kimoyomoyo alikuwa ameshapiga hesabu. Majalada yakifika mia moja na ishirini na nane, moto yote ingekuwa imeishia kwa santuri ambazo hajui kama zinaimba.

Bashige akacheka. "Na zikiwa sabini, mama? Utakula hewa? Mimi nina mia tisa ya kushika. Yeye ana karatasi zenye mafuta ya mandazi. Chagua mbio, gari inanguruma."

"Gari yako inanguruma kwa mulango wangu," alisema Mama Louise.

"Nasema tu saa inaenda, mama."

"Saa ya hii nyumba ilikuwa inatiwa ufunguo na muzee. Alikufa, ninautia mimi." Alisema kwa sauti ndogo, na mkono wake ulikuwa juu ya rundo la vitenge. "Huyu angeninyamazia, angeenda zake. Hakunyamaza. Nenda, Bashige. Kama nimekosa, ni kosa langu, nitalipika na kulila mwenyewe."

Bashige akairudisha bahasha kotini bila haraka. "Utanipigia," alisema, "na haitakuwa mia tisa tena."

Gari likaondoka. Kisha Mama Louise akatandika mkeka, wakaumwaga mfuko.

Majalada yalitoka yameshikamana kama chapati zilizolala. Yale ya juu yaliachana kirahisi: Useni anasoma namba nyuma ya jalada, Mama Louise anaitafuta kwenye karatasi ya katikati ya santuri, anaitoa katika kitenge, anaiingiza nyumbani kwake. Mengine yalikuwa na duara la mafuta. Mawili yalikuwa yamekatwa kona. Lile la kijana mwenye kofia lilikuwa limebabuka chini, lakini uso ulibaki.

Kufika saa kumi walikuwa na sitini na tatu, dola mia nne arobaini na moja. Majalada yaliyobaki yalikuwa matonge mawili manene, yamelowa hadi katikati. Useni alijaribu kulibandua la kwanza, na ngozi ya picha ikaja na kidole, mkono mzima wa mpiga tarumbeta. Akaacha hapohapo.

"Endelea," alisema Mama Louise. "Tujue."

"Hapana, mama. Nikilazimisha, tutapasua yote. Zilale usiku huu kati ya vitambaa vikavu, na uzito juu. Kesho zitaachana zenyewe."

"Ao hazitaachana."

"Ao hazitaachana."

Alichagua mawe mawili bapa uani, akayafuta. Alipokuwa akiyabeba ndani simu ililia. Ilikuwa Sumaya.

"Umenunua?"

"Nimenunua sitini na tatu."

"Si ulisema mia mbili?"

"Zingine zinakauka."

"Hizo sitini na tatu, zinaimba?"

Useni akatazama mashine yake ndogo, mkono wa sindano umekunjwa. Katika zile sitini na tatu, kumi na tisa tu ndizo alizokuwa amezisikiliza. "Nitaanza nazo kesho," alisema, "saa mbili." Akaweka jiwe la kwanza juu ya tonge, taratibu, akalisogeza hadi lilipokaa sawasawa katikati.