Mihuri Kumi na Mmoja

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 1989, mwaka wa kwanza wa enzi ya Heisei, nami nilikuwa nimesimama kwenye kona ya uchochoro wetu hapa Amagasaki nikiutazama mfuko mmoja wa taka. Ulikuwa mfuko wangu. Chini ya wavu wa kuzuia kunguru ilipaswa kuwepo mifuko kumi na miwili, kwa kuwa nyumba zetu ni kumi na mbili, na tangazo lilisema wazi kwamba kuanzia siku hiyo taka mbichi za jikoni zingechukuliwa Jumatatu na Alhamisi, si Jumanne na Ijumaa tena. Gari lilikuja, likauchukua mfuko wangu mpweke, likaenda zake.

Tangazo hilo nililiandika mimi, kwa mkono wangu. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia.

Nilizaliwa Tokushima, na katika umri wa kwenda shule mgongo wangu ulikuwa wa kubebea wadogo zangu. Nilijifunza ukubwani zile herufi nyepesi za watoto, basi. Kanji, zile herufi ngumu za watu wazima, sikuzijua. Binti yangu Chizuru ndiye aliyenisomea kila kitu hadi alipoolewa Nagoya mwaka jana. Ofisi za serikali nilikwenda nimefunga bendeji mkono wa kulia, nikasema, "Samahani, nimeungua, naomba uniandikie." Na ubao wa mzunguko ulipofika, ule unaotoka nyumba hadi nyumba na matangazo ya mtaa, nilisimama nao mlangoni, macho yakishuka taratibu kwenye karatasi, huku moyoni nikihesabu hadi mia mbili. Kisha nikagonga muhuri wangu wa jina, alama ya kwamba nimesoma, na kuupeleka ubao nyumba ya pili. Nilifanya hivyo kwa miaka ishirini.

Aprili mwaka huu majirani walinipa uongozi wa kikundi cha nyumba zetu, pamoja na kazi ya kuandika matangazo, ingawa zamu yangu ilikuwa bado miaka miwili. Sikuelewa kwa nini. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu yangu haikutamkika. Nikajiandikisha darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa mtaa, Jumanne na Jumamosi alasiri, kwa Mwalimu Okabe.

Kwa ajili ya tangazo lile alinifundisha herufi moja ambayo bado inanisumbua. Ina mistari mitano: mmoja mdogo wa kuinama, mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama.

"Hii ni chipukizi linalotoka ardhini," alisema. "Ikikaa mbele ya taka, isome nama, mbichi."

Niliiandika mara hamsini. Nikaridhika. Kisha nikaiona kwenye ubao wa darasa, katika neno sensei, mwalimu, lile lile ninalomwitia yeye.

"Mwalimu, mbona wewe umo ndani ya taka?"

Alicheka hadi akavua miwani. "Hapo inasomwa sei, Mama Nishiwaki. Mwalimu ni aliyetangulia kuzaliwa."

"Kwa hiyo ni kuzaliwa, au ni mbichi?"

"Yote mawili. Na kuishi. Na majani yakiota, pia hiyo hiyo. Kila mahali ina sauti yake."

"Na nitajuaje leo inataka kuitwa nani?"

"Tazama imekaa na nani."

Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa ukungu. Mtu nikimwita Hanako leo na Umeko kesho, hata kuitika hataitika. Hata hivyo niliandika tangazo, nikalikagua mara saba, nikauanzisha ubao nyumba ya jirani. Siku ya tatu ukanirudia na mihuri kumi na mmoja myekundu, hakuna hata nyumba moja iliyokosekana. Nililia kidogo jikoni, peke yangu, kwa furaha.

Ndiyo maana Jumatatu ile nilipouona mfuko wangu peke yake, nilijua jambo moja tu: nimeandika upuuzi. Watu kumi na mmoja walikuwa wameusoma upuuzi huo, wakanyamaza kwa adabu.

Jumanne asubuhi mifuko kumi na mmoja ikatokea konani. Gari halikuja. Kunguru walikuja. Kufikia saa tatu maganda ya figili na vichwa vya samaki vilikuwa vimetapakaa hadi kwenye baiskeli ya Bi Hamasaki, jirani yangu wa ubavuni, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Alitoka na ufagio.

"Mama Chizuru! Leo dereva kafa, au kaoa?"

"Sijui, Bi Hamasaki."

"Wewe si ndiye kiongozi? Usipojua wewe, nimuulize kunguru?"

Nilifagia naye bila kuinua uso. Alasiri nikauchukua ubao hadi darasani, nikamwekea Mwalimu Okabe mezani.

"Nionyeshe nilipokosea. Labda wamesoma taka za kuishi. Labda wamesoma taka za walimu."

Alisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari. "Hakuna kosa."

"Haiwezekani."

"Siku ni sahihi, herufi ni sahihi. Huu mstari wa kusimama umeupinda kidogo, lakini hata wangu hupinda."

"Basi kwa nini wamefanya kinyume?"

"Hilo mimi silijui, mama. Waulize."

Ni rahisi kusema. Kumuuliza mtu kama maandishi yangu yanasomeka ilikuwa sawa na kumfungulia bendeji ya miaka ishirini aone kwamba chini yake hapana kidonda. Kama ningenyamaza, ningebaki mwanamke mwenye heshima na kunguru kila wiki. Nilifika mlangoni kwa Bi Hamasaki nikapita, nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu akafungua mwenyewe.

"Unapima barabara? Ingia, chai ipo."

Sikuingia. Nilimwinamia, nikamnyooshea ubao kwa mikono miwili.

"Naomba unisomee hapa kwa sauti. Mimi kusoma nimeanza mwaka huu. Zamani nilikuwa sijui. Sijui kama nilichoandika ndicho."

Akatafuta miwani, akasoma, na katikati ya karatasi sauti ikamfia.

"Jumatatu na Alhamisi," alisema. "Imeandikwa Jumatatu."

"Inasomeka?"

"Inasomeka vizuri sana. Ila mimi sikuisoma."

Nikashtuka. "Kumbe na wewe hujui kusoma?"

"Nisijue mimi! Nimemaliza sekondari ya wasichana!" Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni. "Nimegonga muhuri tu, dada yangu. Ule ubao nani anausoma? Unafika wali uko motoni, unagonga, unampa wa pili."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa wewe. Tulikuwa tukikuona umesimama mlangoni dakika tatu nzima, macho hayatoki kwenye karatasi. Tukasema, mtaa huu una msomaji mmoja, Mama Chizuru. Unadhani uongozi ulikufikia mapema kwa sababu gani?"

Sikujua nicheke au nikasirike. Mimi niliyekuwa sijui nilisimama kama nasoma, na wao waliojua hawakusoma. Hata sasa nikilipindua jambo hili kichwani sioni lianzie wapi. Bi Hamasaki ndiye aliyeanza kucheka, akanishika mkono ule wa kulia, ule wa bendeji.

"Usiwaambie nilivyosema," alinong'ona.

"Na wewe usiwaambie nilivyosema."

Kisha nikafikiri, nikamwambia hapana, yangu nitaisema mwenyewe. Jioni ile niliandika tangazo jipya. Juu niliziweka siku za taka. Chini yake nikaandika: Mimi Nishiwaki Tokie nimejifunza kusoma mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na minne, katika darasa la watu wazima. Yaliyo hapa nimeyaandika kwa taabu. Tafadhali yasomeni kabla ya kugonga muhuri.

Ubao ulichukua siku sita kurudi. Alhamisi iliyofuata mifuko ilikuwa kumi na miwili, na pembeni ya muhuri mmoja mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, bila jina: darasa ni siku gani?

Herufi ile ya mistari mitano bado inanichanganya. Jana tu nimekutana nayo ndani ya neno jingine, ikiwa na sauti nisiyoijua. Nimeiacha, nitauliza Jumamosi. Nawe uliyeyasoma haya, usikae nayo. Mpelekee wa nyumba ya pili, na akitaka kugonga muhuri haraka, mzuie kidogo mlangoni.