Harufu Waliyonibandika

Mimi sivuti. Sigara sivuti, bangi sivuti, hata shisha sijaijaribu. Nimeapa mpaka nimechoka, na bado Mama ananinusa shati kila nikipanda ngazi, kama mimi ni kitoweo cha jana.

Kosa langu nimemaliza form foo na sina kazi. Nyumba yetu hapa Ndia Kuu ikinuka, nani mwengine? Na imekuwa ikinuka tangu Ramadhani iishe: mara samaki aliyeoza, mara plastiki iliyoungua. Kwanza Mama akaosha friji kwa siki. Halafu akamlaumu paka wa jirani. Jirani akahama na paka wake, nikabaki mimi.

Mama huwasha udi kila Magharibi, na harufu ikija huuwasha tena. Si kwa kile chetezo cha udongo cha kutia makaa, hicho kilitupwa stoo. Anabonyeza mashini ya umeme aliyoletewa Idi hii kutoka Dubai na Ami Sameer, ndugu wa marehemu baba. Kidude cha dhahabu ya uongo, kimekaa nyuma ya kochi. Sebule inajaa moshi, tunakohoa, Mama anasema, "Afadhali."

Jana Ami akaja kuhukumu. Akakaa kwenye kochi, hata kahawa hakuigusa.

"Kijana huyu yuwavuta humu ndani. Kesho nampeleka Malindi kwa rafiki yangu, akabebe saruji. Atanyoka."

"Ami, wallahi sivuti. Kuna kitu cha umeme kinaungua."

"Umeme hauna harufu. Umesomea wapi wewe?"

Mama akatazama chini. Akaingia chumbani, akatoka na begi langu, nguo zishakunjwa, akaliweka mlangoni. Hapo ndipo hasira ziliponipanda.

Nikaanza kunusa. Mbele yao, kwa magoti. Tivi, vumbi tu. Dekoda, joto kidogo lakini safi. Friji, siki. Dada yangu Kaneez akacheka. "Mashallah, tumepata mbwa wa polisi!"

"Nyamaza, Kaneez!" nikafoka.

Ami akatabasamu. "Waona? Leo hajavuta, leo hakunuki."

Leo hakunuki. Nikasimama.

"Mama, leo umewasha udi?"

"Bado. Magharibi haijaadhiniwa, na hakunuki."

"Washa mashini. Lakini usitie udi."

"Waniamrisha mimi, mamako?"

"Nakuomba."

Akaiwasha. Haukupita muda, samaki huyo akaja. Nikalivuta kochi, Ami akiwa bado juu yake.

Plagi ilikuwa ya miguu miwili, imelazimishwa kwenye soketi yetu ya matundu matatu, na kifuniko cha biro kimesukumwa tundu la juu ili iingie. Plastiki ilikuwa nyeusi, imelainika kama halua. Nikazima.

"Nani aliichomeka hivi?"

Sote tulijua. Siku aliyoileta, Ami alijisifu kwamba kazi hiyo haitaki fundi.

"Soketi zenu za kizamani," akasema.

Mama akaichomoa ile mashini, akamtia mkononi. "Shemeji, chukua hidaya yako. Na huyu haendi Malindi." Akanigeukia. "Owais, kalete chetezo stoo."

Sikwenda. Nililibeba begi langu, nikalirudisha chumbani, nikazimwaga kitandani zile nguo zilizokunjwa vizuri vile. Chetezo alikileta Kaneez. Na mpaka sasa hakuna aliyeniambia samahani.