Maneno ya Kujazia Bomba

Jumamosi asubuhi Injinia alikuwa akijaza mchanga mkavu ndani ya bomba la chuma, kijiko baada ya kijiko, juu ya meza ya kukatia vitambaa ya mke wake. Mchanga huzuia bomba lisibonyee linapokunjwa. Alikuwa ameuchekecha kwa chekecheo la unga, akaukaanga kwenye sufuria ya mchuzi mpaka ukakauka, na sasa aliugongagonga kwa mpini wa nyundo ushuke hadi chini. Sare kumi na moja za shule, zilizokatwa lakini hazijashonwa, zilikuwa zimesukumwa chini ya meza pamoja na chaki na futi. Mke wake, fundi cherehani, alishikilia mwisho wa pili wa bomba, kwa kuwa nyumba haikuwa na jiliwa ya kubania vyuma.

Jina la Injinia alipewa na watu ambao hawakuwahi kumwachia pikipiki zao azishike. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya rangi, kufungua makopo na kuyafunga. Lakini pikipiki alikuwa nayo, na bomba la moshi lililokuja nayo lilimkera kwa sababu lilifanana na ya watu wengine wote. Alitaka lake mwenyewe, lililokunjwa na kuchomelewa kwa mikono yake, sebuleni kwake.

Mikono hiyo ilikuwa na shughuli nyingi, kwa hiyo ya kupimia joto ilikuwa ya mke wake. Kila kona ilipokwisha kukunjwa kwa moto, Injinia alihitaji kujua kama chuma kimepoa kiasi cha kushikika. Tone la maji lingemwambia, lakini alisema maji yanaleta kutu. "Lete mkono," alisema, kwa sauti ile ile aliyoombea koleo. Akakichukua kiganja cha kulia cha mkewe, akakibandika kwenye bomba, akamwangalia usoni. "Bado," akasema. Ilikuwa hivyo kona ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwenye kona ya tatu fundi alijaribu kurudisha mkono nyuma, na Injinia akamwomba asiharibu kipimo.

Bomba lilikamilika wiki iliyofuata. Alipoiwasha pikipiki uani, mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa na presha na redio na hakutaka kusumbuliwa kwa lolote kati ya hayo mawili, alitoka akiwa ameshika kifua.

"Baba, hilo dude lako linanitoa roho," alisema. "Lipunguze, au tafuta kwingine pa kulipigia makelele."

Injinia akaunda sailensa ya kumeza mlio: mkebe wa chuma, na ndani yake bomba jembamba alilolitoboa matundu mia mbili kwa drili. Nafasi iliyobaki pembeni aliijaza sufi ya chuma ya kusugulia vyombo. Sufi ikaungua kwa siku moja. Akajaza vipande vya sare. Vikaungua kwa nusu saa, na mtaa mzima ukanuka shule.

Jumatano jioni alitaka kuhakikisha kuwa viungo havivuji. Hilo hupimwa kwa sabuni. Alipaka povu juu ya mishono ya chuma, akaziba tundu moja kwa kitambaa, akamwambia mkewe apulize kwenye tundu la pili. Povu likivimba mahali, hapo pana upenyo. Fundi akapuliza. Povu likavimba karibu na shingo ya mkebe.

"Panavuja," alisema, midomo yake ikiwa bado kwenye bomba.

Neno liliingia na halikutoka. Injinia alipachomelea, akalifunga bomba kwenye pikipiki, akawasha. Mlio ulikuwa umeshuka. Haukushuka sana, lakini redio ya mama mwenye nyumba ilianza kusikika. Alipopiga resi, bomba likasema "panavuja" kwa sauti ya mke wake, kubwa kama ya kipaza sauti cha mnadani, kisha likarudi kunguruma chini chini. Injinia akainama kuangalia kama ni kweli. Hapakuwa pakivuja.

"Hebu sema jingine," alimwambia mkewe.

Fundi alijaribu kwanza kulisema lile lile na akaona hawezi. Hakuwa amelisahau. Alilijua vizuri, ila kila alipotaka kulitamka mdomo ulifunguka ukafungwa, na neno lilikuwa kule nje kwenye pikipiki.

Tangu siku hiyo Injinia akawa anajazia sailensa kwa maneno ya mkewe. Alianza na madogo: ndoo, kamba, sufuria, pindo. Akagundua kuwa maneno ya kutajatajwa tu huungua upesi kama vitambaa. Kesho yake mlio unapanda tena, na neno lenyewe halimrudii mwenyewe. Maneno ya kweli, yaliyotoka moyoni, yalistahimili moto. "Nimechoka" lilikaa siku nne. Mama mwenye nyumba alimsifu Injinia kwa uungwana na akamwambia wapangaji wa siku hizi wa namna yake ni wa kutafuta kwa tochi. Wateja nao walizoea. Fundi alipotaka kusema pindo, aliinama akashika ukingo wa sketi, mteja akasema "vidole viwili", kazi ikaendelea. Angeweza kukataa, na mara moja alikataa. Siku hiyo Injinia aliwasha pikipiki ikanguruma robo saa, akaizima, akasema anataka kujua kama bomba limepoa. Alipima mara mbili.

Sasa kiganja kilikuwa na alama tano, na mkasi ulikuwa hauingii tena mkononi bila kumtoa machozi. Shati alilokuwa akilikata kwa dakika kumi lilimchukua asubuhi nzima kwa mkono wa kushoto, tena likatoka mabega yamepishana. Fundi hakuwa na ndoto kubwa. Alitaka kuondoka mle ndani akiwa bado ana mkono wa kufanyia kazi.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, kwa kaka yake mkubwa, kinyozi, aliyemlea baada ya wazazi kufariki na ambaye bila kauli yake hakuna mlango wa ndugu ambao ungefunguliwa. Alikuwa amekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza alifika hadi "mume wangu", na kaka akamkatiza kumwuliza ile pikipiki inakula mafuta kiasi gani. Mara ya pili alifika hadi "ananichoma", simu ya kaka ikalia, na alipomaliza kuongea nayo alisema watu wazima huyamaliza wenyewe chumbani, akachukua mashine yake ya kunyolea akaenda kazini. Kaka hakuwahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho, labda awe anamnyoa.

Lakini pikipiki aliisikiliza. Injinia alipofika pale na pikipiki, kaka alisimama uani, mikono nyuma, kichwa amekiinamisha upande, akimwambia shemeji yake apige resi, apige tena, na katika muda huo hata simu ililia ikachoka. Fundi alikuwa amekwisha kuliona hilo mara nyingi bila kulitilia maanani. Alhamisi, akiwa anatia uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, alilitilia maanani. Injini haikatizwi na mtu.

Ijumaa mchana Injinia alikuwa stoo. Siku za kazi alifunga bomba la zamani kwa kuogopa wezi, na lile jipya alililaza kitandani, upande wa mke wake, limefunikwa shuka. Fundi aliacha cherehani, akafunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda. Maneno alikuwa ameyapanga kama anavyopanga vipande vya shati kabla ya kushona. Akaweka midomo kwenye tundu la bomba.

"Kaka, ni mimi. Mume wangu ananichoma kiganja kwa bomba la moto, makusudi, akiwa na akili zake timamu. Mara tano sasa. Siwezi tena kushika mkasi. Naogopa atanimaliza. Nakuomba unirudishe nyumbani."

Kila neno lililoingia lilimtoka palepale, naye alilijua hilo. Hakubakiza hata moja la akiba, kwa sababu alihofia kuwa ushahidi ukikatwa nusu hautaeleweka. Lile la mwisho lilimwia gumu. Alilishikilia kidogo mdomoni, akaliachia, akalia. Kisha akafuta bomba kwa shuka, akalifunika, akarudi kwenye cherehani akiwa na moyo mwepesi kuliko alivyokuwa nao kwa miaka mingi. Aliamini kabisa kuwa Jumapili, ambapo Injinia alipanga kumpelekea kaka bomba jipya alisikilize, usingizi wake ungekuwa kwa kaka yake.

Jumapili Injinia alifunga bomba jipya na kuwasha. Pikipiki ilinguruma kama paka aliyeshiba.

"Umeongeza," alisema.

"Ndiyo," fundi alisema.

"Vizuri."

Fundi akapanda nyuma, ameubana mkoba wenye magauni mawili na mkasi. Njia yote ilikuwa tambarare, na Injinia aliendesha polepole ili watu waone.

Kaka mkubwa alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki. Aliinuka, akalizunguka bomba, akaligonga kwa ukucha.

"Ndilo hili, shemeji? Mbona kama halipo?"

"Subiri kidogo."

Fundi akasogea mpaka mahali ambapo kaka yake asingeweza kumwona Injinia bila kumwona na yeye.

"Haya, piga resi," kaka alisema.

Bomba likasema yote. Lilisema neno kwa neno, kwa sauti ya fundi, bila kumeza hata silabi, na kwa nguvu kiasi kwamba nguo zilizoanikwa kwenye kamba ziliyumba. Mke wa kaka, wifi yake fundi, alitoka jikoni na sahani mkononi akasimama mlangoni. Kaka hakukatiza. Simu yake ilitikisika mfukoni naye hakuigusa. Bomba lilipofika "unirudishe nyumbani", Injinia akaachia mafuta, na mlio ukashuka.

Kaka akainama kwenye mdomo wa bomba.

"Rudia," alisema.

Likarudia. Safari hii alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alikuta kiganja cha dada yake mbele yake, kimefunguliwa, alama zote tano juu, mbili zikiwa bado mbichi. Akakishika kwa upole, akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama kwa muda wa kutosha kuzihesabu. Kisha akakirudisha alikokitoa.

"Halipasuki sauti katikati," alimwambia Injinia. "Mengi ukiyapigia resi yanapasuka katikati. Hili laini mpaka mwisho."

"Ni lile neno la mwisho. Ndilo linalobeba."

"Nimelisikia. Umejazia nini?"

"Dada yako."

"Mangapi?"

"Thelathini hivi. Ila ya kweli yote, hakuna la kujazia nafasi. Hayaungui hayo, shemeji. Hayo ni ya maisha."

Fundi aliumia pale kuliko alivyoumia kwenye kona zote za bomba. Alifungua mdomo. Maneno bado alikuwa nayo mengi. Alikuwa na asubuhi, shati, mvua, jirani, asante. Aliyapitia yote haraka, akatafuta hata mawili yanayoweza kusimama mahali pa yale yaliyokwenda, na hakupata. Injinia akamtoa mkoba begani, akautundika kwenye usukani, tayari kwa safari ya kurudi.

"Bomba langu limeungua ndani," kaka alisema. "Limebaki mkebe mtupu. Na kwangu hapa maneno hayajawahi kukosekana." Akaingia ndani, akatoka na spana, na yeye na shemeji yake wakalifungua bomba la pikipiki yake ya zamani, wakaliweka juu ya benchi. Injinia alimwita mke wake alishike lisibingirike. Akalishika kwa mkono wa kushoto.

"Mama watoto," kaka aliita. "Njoo mara moja."

Wifi akaja, akijifuta mikono kwenye gauni. Walimwonyesha pa kuweka mdomo.

"Niseme nini?" aliuliza. Alimwuliza fundi, hakuwauliza wanaume.

Fundi akatikisa kichwa, kwa nguvu, akatikisa tena.

"Huyo hana la kukuambia," Injinia alisema. "Wewe sema lililo moyoni. Ndilo linalokaa."

Wifi alimtazama mume wake. Tangu aolewe katika nyumba ile, miaka kumi na tisa, hakuna mtu aliyewahi kumwomba aseme. Akatazama tundu la bomba, akapiga magoti, akaweka midomo. Alianza na mwaka wa kwanza wa ndoa. Kaka mkubwa alivuta kiti chake karibu, akazima simu, akamwambia asiwe na haraka, aseme yote, kwa sababu bomba lake lilikuwa refu.