Maji Juu ya Injini

Siku ile Zuwena hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kumwosha mama yake. Mama mwenyewe alishausia mbele za watu: "Nikifa, asinivue nguo mtu ila mwanangu." Simu kutoka Maneromango ikamkuta sokoni Kwa Mathias, akipanga nyanya zake mezani. Mama amekata roho alfajiri, mazishi baada ya alasiri. Kuosha watamngoja, ila asichelewe.

Gari la asubuhi lilikwisha ondoka. Akamwita Ngusa, kijana wa Kisukuma wa kijiwe cha bodaboda cha jirani, aliyempendea kwamba haendeshi kama mwehu.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, baba. We nifikishe tu."

Ilikuwa Ramadhani, na jua la Machi lile la kukausha mate mdomoni. Mpaka Kisarawe mjini walikwenda vizuri. Lami ilipowaacha wakaingia kwenye mchanga na vilima, gia ya kwanza, gia ya pili, upepo hakuna. Joto la injini likapenya baibui, likamchoma Zuwena miguuni. Pikipiki ikaanza kuvuta kwa shida kama mwenye pumu. Ngusa akaiegesha chini ya mkorosho, akazima.

"Imekufa?"

"Imechemka, mama. Hii haina rejeta, inapozwa na upepo, na huku upepo wenyewe hatuupati. Tuiache ipumue."

"Mwanangu, maiti hangoji!"

"Najua. Lakini ng'ombe akitweta hapigwi fimbo, anawekwa kivulini. Kwetu hata mtoto analijua hilo."

"Ng'ombe gani huyo wa kunywa petroli?"

Ngusa akacheka, kisha akaona haya kucheka mbele ya mfiwa. Akaelekea vichakani kujisaidia. "Usiiguse, inaunguza," akasema bila kugeuka.

Zuwena akabaki na ile pikipiki. Injini ilikuwa ikialika, ti, ti, ti, na yeye akaiona kama mtu mkaidi anayemkatalia makusudi. Mkobani alikuwa na chupa ya maji ya kufuturia. Mwanamke huyu amepikia vyungu tangu utoto wake, na anajua chungu cha moto hakitiwi maji baridi. Lakini msiba una upofu wake. Akasema Bismillahi, akamimina chupa nzima.

Mvuke ukafuka, chwaaa! Ndani ya mvuke kitu kikalia, ka! Kidogo tu, kama karanga inayobanjwa.

Ngusa akarudi mbio, akainama. Ufa kwenye injini ulikuwa mwembamba kama unywele, na mafuta yakiutambaa. Hakumfokea. Heri angefoka.

"Ulikuwa unaipoza, mama?"

"Nilikuwa naipoza."

Kijana akakaa chini kwenye majani makavu, kichwa mikononi. "Nusu saa," akasema. "Nusu saa tu ingetosha, nikuwashie twende."

Zuwena akaenda kwa miguu. Mchanga ulimrudisha nyuma kila alipokanyaga, koo limekauka, na njia nzima hakupita hata mwenye baiskeli. Alivuta uradi, akaukosea, akaanza upya.

Alipofika, wanaume walikuwa wamekwisha simama uani. Bi Mwanamkuu, jirani yao, akamdaka mlangoni, mikono ikinuka kafuri.

"Tumekungoja, mwanangu. Tumengoja mpaka sheikh akasema basi, sasa tunamtesa. Ndiyo kwanza tumemaliza. Nimemwosha mimi, unisamehe."

Zuwena akaingia ndani. Wakamfunulia uso wa mama yake. Ulikuwa umetulia, msafi, mdogo kuliko alivyouzoea.

"Nywele mlimsuka?"

"Mikia mitatu. Nikailaza nyuma."

"Hukuvuta? Hakupenda kuvutwa."

"Sikuvuta, mama. Taratibu, kama ambavyo ungefanya wewe."

Wakamfunika. Wanaume wakaingia, tahalili ikaanza, jeneza likatoka mlangoni na kwenda. Zuwena akabaki ameketi ukutani, akiitazama mikono yake mikavu.